Utunzaji wa Viti na Bitana za Motakaa za Zamani Kisiwani Unguja

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo pengine litaonekana dogo machoni pa wengi, nalo ni kutunza viti, bitana za milango, na vifuniko vya dashibodi vilivyomo ndani ya motakaa za zamani. Hatukusudii kusema habari za mashine wala za bodi la chuma, kwa sababu mambo hayo yana mafundi wake hapa kwetu, nao ni hodari. Chuma kikiliwa na kutu hukatwa kikatiwa kiraka. Mashine ikichoka hufunguliwa ikasafishwa. Na kipuri kisichopatikana dukani huchongwa. Lakini kile kitambaa cha kiti kifananacho na ngozi, kilichotoka kiwandani pamoja na motakaa yenyewe miaka 60 au 70 iliyopita, kikitupwa jaani hapana fundi awezaye kukirudisha. Vyaweza kupatikana vitambaa vingine vipya vilivyo vizuri, lakini rangi ile, vinyweleo vile, na mishono ile havirudi.

Huenda msikizaji mmoja akauliza: Kiti kilichochakaa kina heshima gani hata tukitunze? Swali hili ni la haki, nasi yatupasa kulijibu kwanza kabla ya kuendelea.

Wengi wetu tumepata kuingia katika Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883 mbele ya bahari, hapo Forodhani. Katika miaka lilipokuwa jumba la makumbusho, mgeni aliona mtepe uliojengwa kwa mtindo wa kale, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi pasipo kupigwa misumari. Aliona pia motakaa ya aina ya Ford Zephyr iliyokuwa ya Sheikh Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliyeongoza tangu Januari 1964 hata alipouawa tarehe 7 Aprili 1972. Motakaa za aina hiyo zilitengenezwa Uingereza, katika kiwanda cha Ford cha Dagenham, kati ya miaka ya 1950 na 1972. Vitu viwili hivi, chombo kilichoshonwa kwa mikono na motakaa iliyoundwa kwa mashine, vilikaa katika jumba moja, wala hapana aliyeona ajabu. Kadhalika katika Jumba la Makumbusho la Kasri, lililofunguliwa mwaka 1994 karibu na hapo, wageni wameonyeshwa samani za Formica zilizotumiwa na jamaa ya Sultani. Basi twaona ya kuwa vitu vya plastiki vimekwisha kuingia katika hesabu ya mambo ya kale. Vilikuwa vya kisasa machoni pa baba zetu; kwa watoto wetu ni historia.

Na kiti cha motakaa ni kitabu kwa ajuaye kukisoma. Kwa kuwa motakaa zetu zina usukani upande wa kulia, ukingo wa kulia wa kiti cha dereva ndio uliosuguliwa zaidi, kwa miaka mingi ya kuingia na kutoka. Kiti cha nyuma kilicholegea upande mmoja chaonyesha mahali alipozoea kukaa mwenye motakaa, kama alikuwa mtu wa kuendeshwa. Mshono uliorudiwa kwa uzi wa rangi nyingine watuambia ya kuwa zamani alikuwako fundi mmoja Darajani au Ng'ambo aliyekitengeneza kwa alichokuwa nacho. Kiti kikivuliwa na kuvikwa kipya, maneno yote haya hufutika kwa siku moja.

Tarehe 25 Disemba 2020 mnara na sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib viliporomoka, na watu wawili wakafariki. Jumba lile lilipona vita vya mwaka 1896. Lililoliangusha halikuwa adui, bali uchakavu ulioingia kidogo kidogo kwa miaka mingi. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni kweli kwa jumba la mawe na chokaa, na ni kweli vilevile kwa kitambaa cha kiti: huanza kwa ufa mwembamba kama unywele, na mwenyewe husema, utangoja.

Sasa na tutazame kitambaa hiki ni kitu gani, maana asiyejua asili ya kitu hawezi kukitunza. Kitambaa chenyewe huitwa vinili. Ni nguo iliyofumwa, mara nyingi ya pamba, iliyopakwa juu yake plastiki iitwayo polivinili kloridi, kisha ikakandamizwa kwa mitambo yenye moto ili ipate vinyweleo mfano wa ngozi ya ng'ombe. Plastiki hiyo ilielezwa na mtaalamu wa Kijerumani, Eugen Baumann, mwaka 1872, lakini kwa muda mrefu haikuwa na faida, kwa kuwa peke yake ni ngumu na huvunjika. Mwaka 1926 Mmarekani mmoja, Waldo Semon, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mipira ya B. F. Goodrich, alikuwa akitafuta gundi ya kushikamanisha mpira na chuma. Alipoichemsha plastiki hii pamoja na vimiminiko vizito, aliona imegeuka laini, yavutika na kurudi. Hiyo ndiyo siri yote ya vinili. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 ilienea upesi katika motakaa, maana ilikuwa rahisi kuliko ngozi, ilioshwa kwa maji, tena yaweza kutiwa rangi yo yote.

Siri yenyewe, basi, ni hii: ndani ya vinili laini mna mafuta. Si mafuta ya kupakwa juu, bali ni mafuta maalumu yaliyochanganywa na plastiki kiwandani, nayo huenda yakawa theluthi ya uzito wake, na pengine zaidi. Chembe za mafuta hayo hukaa kati ya nyuzi za plastiki na kuziachanisha, zisishikane na kuwa gumu. Atakaye mfano na aitazame halua. Ikiwa mpya, samli imo ndani yake, nayo ni laini. Ikiwekwa siku nyingi penye joto, samli hujitenga ikatokeza juu, na halua yenyewe ikawa ngumu. Hivyo ndivyo vinili inavyozeeka. Mafuta yake hutoka kidogo kidogo, na kila yatokapo kitambaa husinyaa, hukakamaa, na mwisho hupasuka pale penye mkunjo na penye mshono.

Mwenye motakaa aweza kuyaona mafuta hayo kwa macho yake. Motakaa ikikaa juani na vioo vimefungwa, upande wa ndani wa kioo cha mbele hufanya utando wa mafuta ambao wasumbua usiku taa za motakaa nyingine zinapoupiga. Watu wengi hudhani ni vumbi au ni pumzi ya abiria. Kwa sehemu kubwa ni mafuta ya dashibodi na ya viti, yaliyogeuzwa mvuke na joto, kisha yakaganda juu ya kioo. Kila tunapoufuta utando huo, twafuta uhai wa vinili.

Kutokana na hayo latokea neno moja ambalo twataka msikizaji alishike hata akisahau mengine yote: ngozi hulishwa, vinili hulindwa. Ngozi ya mnyama ina vitundu, nayo hunywa mafuta inayopakwa. Vinili haina vitundu vya kunywea. Mafuta ya nazi, mafuta ya simsim, samli, au mafuta ya kung'arishia yauzwayo katika chupa za rangi nzuri, yote hukaa juu. Hunata vumbi, huoza, huwa chakula cha koga. Na yaliyo mabaya zaidi huyaita nje yale mafuta ya asili, yakachanganyika nayo na kuondoka pamoja nayo kitambaani. Hivyo kiti hung'aa leo, na mwakani huwa kikavu kuliko kilivyokuwa. Mtu amekipaka kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyokiharibu.

Kwa sababu hiyo ni lazima kutambua kwanza kile ulicho nacho. Motakaa nyingi za Kiingereza za zamani zilikuwa na ngozi halisi mahali pa kukalia tu, na pembeni na milangoni zikatiwa ngozi ya bandia yenye rangi ileile, hata jicho lisilozoea halioni tofauti. Chungulia upande wa nyuma wa kitambaa, chini ya kiti au mahali palipofunguka. Ukiona manyoya mafupi mafupi kama ya ngozi iliyoparwa, hiyo ni ngozi. Ukiona nguo iliyofumwa, hiyo ni ngozi ya bandia. Nayo ngozi ya bandia ni ya namna mbili. Katika motakaa zilizotangulia vita vya mwaka 1939 hadi 1945, na baadhi ya zile zilizofuata, ilitumika nguo iliyopakwa maji ya nitroselulosi, maarufu kwa jina la Rexine. Hiyo huelekea kumomonyoka juu kama rangi ya ukutani, nayo haistahimili kusuguliwa kwa maji mengi wala spiriti. Hupanguswa tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Vinili haimomonyoki hivyo. Husinyaa na kupasuka, au hunata.

Maadui wa vinili katika kisiwa chetu ni wanne, nao twawajua wote kwa majina.

Adui wa kwanza ni jua pamoja na joto. Wakati wa kaskazi, tangu Disemba hata Machi, motakaa iliyofungwa vioo ikiachwa juani, hewa ya ndani hupita kwa urahisi digrii 50 za Selsiasi, na uso wa dashibodi huweza kupita 70. Joto huyatoa mafuta kwa haraka. Mwanga wa jua nao una miale isiyoonekana ambayo huzikata nyuzi za plastiki zenyewe. Plastiki hii ina klorini zaidi ya nusu ya uzito wake, na inapovunjika hutoa gesi ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi. Asidi hiyo hula uzi wa mshono, hula nguo ya nyuma, hula springi za kiti, tena huharakisha kuvunjika kwa plastiki iliyobaki. Kiwandani hutiwa dawa ya kuzuia, lakini dawa hiyo nayo hufika siku ikaisha. Hapa twaomba tahadhari moja: vipande vibovu vya vinili visichomwe moto, maana moshi wake una gesi hiyohiyo ya asidi, nayo ni hatari kwa mapafu ya mchomaji na ya jirani zake.

Adui wa pili ni unyevu pamoja na chumvi. Wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, motakaa iliyofunikwa turubai isiyopitisha hewa hutoa jasho ndani, na koga huota mishononi. Aliye na nyumba Shangani au Mizingani, au shamba lake Paje au Jambiani, apigwa na upepo wa bahari mwaka mzima. Chumvi haiiumizi sana vinili yenyewe, lakini huvuta maji hewani, na maji hayo hushuka katika springi na misumari ya kiti. Kutu hupanda kutoka chini ikatia doa jekundu juu ya kitambaa, nalo halitoki.

Adui wa tatu ni dawa na mafuta ya kila namna, tuliyokwisha kuyataja. Tuongeze petroli, mafuta ya taa, tapentaini, tina na spiriti: hivi vyote huyeyusha yale mafuta ya ndani na kuyatoa. Jiki huharibu rangi na uzi. Magadi, na sabuni kali za kufulia, huyavunja mafuta yenyewe yakapoteza nguvu zake.

Adui wa nne hatazamiwi na mtu: ni rangi na mpira. Kanga mpya isiyofuliwa, au suruali ya buluu iliyotiwa rangi nzito, ikikaa juu ya kiti cheupe penye joto, rangi yake huingia katika mafuta ya vinili na kuzama, wala haioshiki tena. Zulia jeusi la mpira likiegemezwa kitini kwa miezi huacha doa la kahawia. Kwa hiyo kitini pasiwekwe nguo mbichi, wala gurudumu la akiba, wala mfuko wa plastiki.

Basi tufanye nini? Kazi ya kwanza ni kivuli. Banda la makuti lililo wazi pande mbili ni bora kuliko gereji ya mabati iliyofungwa, kwa kuwa makuti hayashiki joto, na upepo hupita. Asiye na banda na atafute upande wa ukuta ambao jua la alasiri haliufikii. Kioo cha mbele kikingwe kwa ndani kwa ubao mwembamba au kadibodi nyeupe. Viti vifunikwe kwa merikani iliyofuliwa mara kadhaa, isiyo na rangi wala wanga. Vioo viachwe wazi kadiri ya upana wa kidole, na milango ifunguliwe saa moja kila siku kavu. Kwa kazi hizo ndogo, zisizo na gharama, vinili huongezewa miaka mingi kuliko kwa dawa yo yote iliyomo chupani.

Kazi ya pili ni usafi. Vumbi lipanguswe kila juma kwa kitambaa kikavu kilicho laini, maana vumbi la barabara zetu za matumbawe ni kama msasa. Kuosha kufanywe mara moja kila msimu, si zaidi. Chukua maji safi ya mfereji, wala si maji ya kisima chenye chumvi, yawe na uvuguvugu kidogo. Tia matone machache ya sabuni laini ya kuoshea vyombo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya kiti, na ungoje pakauke. Kisha chovya sponji, ulikamue hata lisitiririke, na usafishe sehemu ndogo ndogo, kila moja kadiri ya kiganja mara mbili. Penye vinyweleo virefu tumia mswaki laini. Usilowanishe mishono. Fuata mara moja kwa kitambaa chenye maji matupu, halafu kwa kitambaa kikavu. Fanya kazi hii kivulini, asubuhi, ili kutwa nzima ibaki kwa kukausha. Penye koga, pangusa kwanza pakiwa pakavu, nje ya nyumba, na pua yako imefungwa kitambaa, ndipo uoshe. Ikiwa vinili inanata, ujue mafuta yake yanatoka. Ioshe kwa sabuni ileile laini, uiondoe katika joto, na usiisugue kwa spiriti ijapokuwa utaona spiriti yamaliza unato kwa dakika moja.

Kazi ya tatu ni kutengeneza palipopasuka. Hapa fundi na mwenyewe wapatane mapema, kabla ya kisu kutoka. Mshono uliofumuka ushonwe kwa mkono, sindano ipite katika matundu yaleyale ya zamani. Kila tundu jipya hudhoofisha kitambaa, na safu ya matundu mapya hukigeuza kama ukingo wa stempu, tayari kuchanika. Uzi uwe wa polyesta, unaolingana rangi, kwa kuwa uzi wa pamba huliwa na asidi. Mpasuko usivutwe ili kingo zikutane, maana kitambaa kimekwisha kusinyaa na nguvu hizo zitakipasua kwingine. Hupenyezwa kiraka cha nguo kwa nyuma, kikashikwa kwa gundi ibakiayo laini, na pengo lililobaki likakubaliwa kuwa ni kovu. Kitambaa kigumu kisikunjwe kikiwa kimepoa. Kikae kwanza mahali penye uvuguvugu wa mwili wa mtu, kisha kifunguliwe polepole. Bitana ya mlango itolewe kwa ubapa wa mbao, si kwa bisibisi, nayo ikiisha kutoka, tazama matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya mlango. Yakiziba, maji ya mvua hujaa ndani, ubao wa bitana huvimba, na vinili iliyogandishwa juu yake huachana nao.

Kuna jambo moja la kwetu hasa ambalo vitabu vya ng'ambo havilitaji. Mto wa kiti ukibonyea, mafundi wetu huujaza kwa usufi au kwa makumbi ya nazi, na vyote viwili ni vizuri. Lakini makumbi yetu huozeshwa baharini, huko pwani ya mashariki, kabla ya kupondwa na kusokotwa, na yatokapo huwa yamejaa chumvi. Yakitiwa kitini hivyo hivyo, huvuta unyevu mwaka mzima, na springi huoza kutoka ndani. Yafaa yaoshwe kwa maji matamu mara tatu nne, hata maji yawe hayana ladha ya chumvi, kisha yaanikwe yakauke kabisa. Kati ya springi na makumbi itandikwe gunia safi au merikani nzito.

Sasa twafika penye shida yenyewe. Si kila motakaa imo makumbushoni. Nyingine ni ya kazi: hubeba maharusi, huchukua wageni, au ndiyo urithi pekee wa ndugu watatu waliopatana kuitia barabarani ili iwalipe. Mwenye motakaa kama hiyo hawezi kumwambia abiria akae juu ya springi. Akienda kwa fundi wa viti, mara nyingi huambiwa, "Tuvue yote, tutie mpya," na jioni kitambaa cha asili kimo jaani. Sisi hatumlaumu fundi, maana yeye amefanya alilolipwa. Wala hatumlaumu mwenyewe, maana ana watoto. Lakini iko njia ya katikati. Kiti cha asili kishonewe foronya, kama tunavyofanya mito ya nyumbani, ya nguo madhubuti iliyofuliwa, iwezayo kuvuliwa na kufuliwa. Abiria atakalia foronya, na cha asili kitakaa chini yake kimekingwa na jua, jasho na rangi. Siku ya sherehe, au siku atakapokuja mtu wa makumbusho, foronya huvuliwa.

Na ikiwa hapana budi kitambaa cha zamani kitolewe, basi kitolewe kama mtu atoavyo ukurasa wa kitabu, si kama avunjavyo kuni. Kifumuliwe mshono kwa mshono. Kisafishwe, kikauke, kilazwe bapa pasipo kukunjwa. Juu ya uso wake iwekwe karatasi isiyoshika, ile itumiwayo kuokea mikate, ndipo kizungushwe merikani. Kisitiwe katika mifuko ya plastiki ya kawaida. Uchunguzi uliofanywa katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Denmark umeonyesha ya kuwa plastiki ya mifuko hiyo huyanyonya mafuta ya vinili na kuyaharakisha kutoka. Vipande vidogo vyaweza kutiwa katika chupa ya kioo yenye kifuniko, maana kioo hakinyonyi mafuta, na mvuke wake hubaki humo humo. Mahali pawe pa baridi kuliko pote nyumbani, pasipo jua, juu ya sakafu. Nyumba za Mji Mkongwe zenye kuta nene za matumbawe zina vyumba vya chini vyenye ubaridi, ila vichunguzwe kwanza kama havina unyevu.

Mwisho, sisi walimu hatuwezi kumaliza mazungumzo pasipo kutaja daftari. Kabla ya kugusa cho chote, kipigwe picha. Kisha yaandikwe katika daftari jina la motakaa, mwaka wake, rangi ya vinili, kilichotolewa, kilichotiwa, tarehe, na kazi aliyoifanya fundi. Daftari hilo likae pamoja na vipande vilivyohifadhiwa. Mtu wa baadaye atakayetaka kuirudisha motakaa katika hali yake atapata ndani yake kipande cha rangi ya kulinganisha, kiolezo cha kukatia, na habari ya kazi iliyofanyika.

Wasikizaji wetu, hatukusema ya kuwa vinili yaweza kudumu milele. Mafuta yatokayo hayarudishwi, na kilichopasuka hakiungani kama jeraha la mwili. Tuwezalo ni kuipunguzia mwendo wa kuzeeka, na kwa kivuli, maji safi, na mkono mpole, mwendo huo hupungua sana. Ziko bado katika kisiwa chetu motakaa zilizofunikwa nyuma ya nyumba, viti vyake ni vyenyewe, na wenyewe wanasita kati ya kuuza na kutengeneza. Kwao twasema: kabla hamjaamua, zitoeni juani. Kuamua kwaweza kungoja mwaka, jua halingoji. Kwaherini.